Majani ya Ndama na Nondo wa Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, mkuu wa maabara alininusa kabla hajanisalimia. "Mama, hiyo mafuta ya kujipaka uiache nyumbani. Hapa tunafanya kazi na pua za wadudu." Nikaona haya, wacha tu!

Pua yenyewe ni vipapasio, zile nyuzi mbili kichwani. Nondo, yule kipepeo wa usiku, hutafuta mahindi kwa kunusa, atage mayai, funza watoboe bua. Tulimpima kwa bomba la kioo lenye njia panda: upande mmoja hewa iliyopitia mahindi yaliyopandwa kwenye chungu, upande wa pili hewa tupu. Anachagua, naandika. Wafula, mtu wa Matulo, alifuga nondo. Mimi nilitunza mahindi.

Msimu wa pili nondo wakaanza kukataa mahindi. Wiki nzima wanageukia hewa tupu. Mkuu akawaka. "Wafula, nondo wako ni wagonjwa. Ijumaa utarudisha funguo." Wafula aliinamisha kichwa tu.

Mimi nikaanza kujishuku. Kwangu Kibomet nilikuwa na ndama, na kama kila mtu huku, nilizoea kubandua majani ya chini ya mahindi nimlishe. Wiki hiyo hata ya maabara nilibandua, nikaenda nayo kwa gunia. Si hata shambani tunafanya hivyo? Lakini mahindi yaliyojeruhiwa hutoa harufu nyingine, na nondo huikwepa kama mmea uliokwisha kuliwa na funza.

Alhamisi nikaingia ofisini. "Mkuu, si nondo. Ni mimi." Nikamweleza yote. Akasema, "Lete mahindi ambayo hujagusa."

Nondo wa kwanza akaenda moja kwa moja kwa mahindi. Wa pili pia, na wa tatu. Ai, nilishusha pumzi! Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Ati ndama!" Wafula akabaki kazini, mimi nikapewa barua ya onyo.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma kufundisha wakulima, hadi nikastaafu. Nyinyi vijana wa maabara mna mashine zinazochora harufu kwenye skrini, na nawaonea wivu kidogo. Lakini hazitawaambia nilichoambiwa na Wafula siku ya kuniaga nilipostaafu.

"Mama Njeri, lile gunia nilikuwa naliona kila siku."

"Mungu wangu! Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa na watoto watatu, na baba yao hayuko. Mimi ningerudi Matulo nilime, bana."

Nikalia mbele ya wageni wote. Mpaka leo nashukuru kwamba ile Alhamisi miguu yangu ilinifikisha ofisini.