Ndimu Ishirini na Nne

Mume wangu Assumani alikuwa mtunza dépôt, ghala la vitu vya baa, na kama hujawahi kuolewa na mtunza dépôt, shukuru Mungu wako. Mtu yule akiingia nyumbani haanzi na salamu. Macho yake yanaanza na mtungi wa maji, yanakwenda kwenye gunia la makaa, yanaishia kwenye chupa ya mawese. Ndipo anasema, "Hadidja, habari ya mchana?" Nilikuwa namjibu, "Wahesabu na watoto basi, ujue kama wote wapo." Anacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na nilimpenda hata siku nilizotaka kumtupia sufuria.

Alifanya kazi katika baa ya Mgiriki mmoja karibu na bandari. Wazungu waliuita mji Stanleyville. Sisi tuliuita Kisangani tangu babu zetu. Mgiriki alimchukua kwa sababu moja tu: sisi ni Waislamu, ukoo wa waungwana wa zamani, na Assumani hakuonja pombe maishani mwake. Ufunguo wa bia alipewa mtu asiyejua hata bia ina ladha gani. Alikaa nao miaka tisa.

Mgiriki ndiye aliyemfundisha madaraja. Vitu vya dépôt viligawanywa mafungu matatu. Daraja la kwanza ni vile vichache vinavyobeba baa nzima: bia, wiski, divai, samaki kapiteni. Hivyo vinafungiwa na kuhesabiwa kila asubuhi. Daraja la pili ni mchele, mawese, sukari, unga. Hivyo vinahesabiwa Jumamosi. Daraja la tatu ni vile vidogo vidogo vya jikoni: pilipili, chumvi, viberiti, vitunguu, ndimu. Hivyo vilikaa wazi kando ya mlango na hakuna aliyevihesabu. Vikiisha, vinanunuliwa vingine. Assumani alisema ukikaa kuhesabu pilipili, huku nyuma bia inatembea.

Na ubao wa vyakula aliupanga hivyo hivyo. Chakula kinachokula vitu vya daraja la kwanza na wateja hawakiitishi, anakifuta bila huruma. Kuku wa divai alimfuta mbele ya macho ya Mgiriki mwenyewe, ambaye alikuwa anampenda sana yule kuku. Liboke ya kapiteni, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuchomwa, ilikaa juu ya ubao miaka yote, kwa sababu ya mpishi.

Mpishi alikuwa Clothilde, Mwenya, mtu wa kabila la wavuvi wa kwenye maporomoko, Mkristo mwenye msalaba wa mbao shingoni. Kaka yake Basile alikuwa mvuvi kule kule majini na ndiye aliyeleta samaki. Niseme wazi: sikumpenda Clothilde. Si kwamba alinikosea. Assumani alikuwa anarudi nyumbani na jina lake mdomoni. Clothilde hapotezi kitu, Clothilde anapika samaki kumi bila kumwaga tone la mawese. Siku moja nikamuuliza, "Na mimi je, niko daraja la ngapi?" Akasema, "Wewe hauko kwenye dépôt, mama." Alidhani amenijibu vizuri! Nilinuna siku mbili.

Lakini Clothilde mwenyewe hakuninunia hata mara moja. Kila mchana nilimpelekea Assumani chakula chake, maana vyungu vya baa vilipikiwa nguruwe na yeye hakula humo. Kila nikifika, Clothilde ananiita, "Mama Hadidja, mutoto iko muzima?" Nami naitika kwa mdomo nusu. Nikitoka, napita kando ya mlango nachukua kitu kidogo: vitunguu viwili, pilipili, ndimu. Ilikuwa desturi. Mgiriki mwenyewe alikuwa ananiona na kunipa bonjour.

Bon. Uhuru ukaja, fujo zikafuata, Mgiriki akapanda boti na kumwachia Assumani funguo zote. Akasema atarudi baada ya miezi mitatu. Mpaka leo.

Mwaka wa sitini na nne, mwezi wa nane, waasi walioitwa Simba wakaingia mjini. Boti za kutoka Léopoldville zikasimama. Sokoni chumvi ikapotea kabisa, watu wakawa wanachoma magugu ya mtoni wapate chumvi ya majivu. Assumani akaanza kupanga upya madaraja yake. Chumvi ikatoka kando ya mlango, ikapanda rafu ya wiski, ikafungiwa. Divai ikashuka. Ubao ukabaki na vyakula vitatu. Nilimcheka, naye akanieleza kama mwalimu: kitu hakizaliwi na daraja lake. Unauliza tu, kikikosekana leo, shida yake ni kubwa kiasi gani?

Hayo alinieleza. Ambayo hakunieleza ni haya yanayofuata. Niliyajua baadaye, wakati yalikuwa hayana faida tena.

Kamanda mmoja wa Simba alichagua baa ile iwe jiko la kikosi chake. Siku ya kwanza akamwita Assumani mbele ya ubao.

"Weye ndiye mukubwa wa dépôt? Alors, sikia. Batu yangu hawakulaka ndimu. Ndimu inakata dawa. Mumoja akianguka na risasi, nitakuja hapa kuuliza."

Mganga wao ndiye aliyewapa mwiko huo. Walichanjwa, wakapewa dawa ya kugeuza risasi maji, na ndimu ikipita tu kooni dawa imekwisha. Mtu mwingine yeyote angechukua kile kikapu cha ndimu akakimwaga mtoni siku ile ile. Hata mimi ningekimwaga! Assumani hapana. Alifikiri kama mtunza dépôt. Nikizitupa, akajiambia, kesho watasema zilikwenda wapi, zilikwenda kwenye chungu. Zikiwepo zote, zenyewe ni mashahidi wangu. Basi akamwita karani wa kamanda, wakahesabu pamoja. Ndimu ishirini na nne. Akaandika kwenye daftari, karani akatia saini, na kikapu kikapanda rafu ya juu, daraja la kwanza, kando ya wiski na chumvi. Kila asubuhi alizihesabu. Clothilde aliambiwa asitie ndimu chunguni, na hakutia. Ndimu za kuoshea samaki aliziacha siku ile ile, akawa anaosha kwa majivu.

Mimi sikuambiwa kitu. Assumani hakuleta habari mbaya nyumbani. Alidhani kunificha ni kunitunza.

Zaina wangu alikuwa na miezi saba na alikohoa usiku wote. Jumatano ile nikamfunga mgongoni, nikabeba sahani ya mume wangu, nikaenda. Assumani alikuwa mbele anawagawia askari bia. Mlango wa dépôt ulikuwa wazi, maana alikuwa anaingia na kutoka kuchukua chupa. Nikaingia, nikaweka sahani mahali pake, nikageuka kutafuta ndimu kando ya mlango. Hakuna. Nikainua macho, nikaona kikapu kimekaa juu na wiski. Nikacheka peke yangu. Nikasema, maskini, mume wangu amechanganyikiwa na vita, sasa anafungia ndimu.

Nikachukua mbili. Nikazifunga kwenye pindo la kikwembe changu.

Nilipotoka, Clothilde alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Aliona kila kitu. Akaniuliza, "Angali anakohoa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole, mama. Umutilie na asali." Nikaenda kukaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, nimnyonyeshe mtoto.

Sijui zilipita dakika ngapi. Lori likasimama kwa kishindo. Kamanda akaingia uani na askari watatu, macho yake mekundu. Asubuhi ile, kwenye barabara ya Banalia, kijana wake mmoja alipigwa risasi akafa. Kijana huyo jana yake alikula kwenye baa ile.

"Mupishi iko wapi?"

Clothilde akatoka jikoni anafuta mikono. Kamanda akamshika nguo ya shingoni mpaka msalaba ukakatika. "Ulimutilia ndimu!"

"Hapana, mon commandant. Kwa Yesu, hapana."

Hapo Assumani akaja na daftari lake. Nakwambia, alikuja anatabasamu. Sijawahi kumwona na amani namna ile mbele ya watu wenye bunduki. Alikuwa na kitu mkononi cha kumwokoa Clothilde, na alikijua.

"Mon commandant, kama aliitia, ilitoka wapi? Angalia. Ishirini na nne. Saini ya karani wako hii hapa. Sokoni hakuna, mti hakuna. Leo asubuhi nilihesabu, zote ziko. Twende tuhesabu mbele yako. Mimi sikosaka hesabu."

Ndipo nikaelewa. Yote, kwa mara moja. Mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye pindo la kikwembe.

Wakaleta kikapu, wakakiweka juu ya meza uani. Kamanda akasema, "Haya, hesabu. Na kama kuna iliyotoka, ule aliyeitoa atamufuata mutoto wangu leo leo. Sitauliza ni nani."

Assumani akahesabu kwa sauti, moja moja, anaziweka mezani. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Akaweka mkono ndani ya kikapu, akapapasa. Akakigeuza. Akahesabu upya, na sauti yake sasa haikuwa sauti ninayoijua. Ishirini na mbili.

Akainua kichwa kumtafuta mwizi, akaniona mimi. Aliona mkono wangu ulipo. Tabasamu lilikuwa limekwisha zamani, lakini wakati ule ndipo uso wake ulipovunjika.

"Nilikosea," akasema. "Mon commandant, asubuhi nilihesabu mubaya. Kosa ni yangu."

"Weye? Sasa hivi umesema haukosaka!" Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Assumani akaanguka, akasema tena kutoka chini, damu inamtoka, "Kosa ni yangu." Hakuna aliyemsikiliza. Miaka tisa alijijengea jina la mtu asiyekosea, na siku aliyotaka kuaminiwa amekosea, wakamkatalia.

Kamanda akamgeukia Clothilde. "Ndimu mbili ziko wapi?"

Clothilde akanitazama. Aliniona nimekaa pale kwenye ukuta, umbali wa hatua kumi. Alijua ziko wapi. Angenyoosha kidole tu. Hata kidole asingehitaji, angesema jina langu. Akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Zaina aliyelala kwenye ziwa langu, na akafunga mdomo. Kamanda akamuuliza mara ya pili na ya tatu. Akampiga. Clothilde akatazama chini.

Na mimi je? Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Nilisema moyoni, sasa, Hadidja, simama sasa. Miguu haikusimama. Miaka yote hii nimejiuliza kama ni kwa ajili ya mtoto, au ni kwa sababu alikuwa Clothilde, yule yule wa jina mdomoni mwa mume wangu. Watu wangejua wangesema wivu. Haukuwa wivu. Ilikuwa woga, woga mtupu, na nikisema hivyo usiku silali vizuri zaidi.

Wakampandisha kwenye lori. Alipanda mwenyewe, hakusukumwa. Lori likageuka kuelekea mtoni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Assumani ameshika kitambaa mdomoni. Tulipofunga mlango akasema, "Kwa nini hukuniuliza?" Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?" Tulilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa chumba. Maswali hayo mawili tuliulizana miaka thelathini, mpaka nilipomzika. Mara nyingine kwa hasira, mara nyingine polepole tukiwa tunakula.

Assumani alikwenda kumwulizia Clothilde siku sita mfululizo, na siku sita wakamfukuza. Mwezi wa kumi na moja ndege zikaja na askari wa Wazungu, Simba wakatoka mjini, watu wakatafuta maiti zao kando ya mto. Clothilde hakupatikana. Baa haikufunguliwa tena. Assumani akaenda kuuza mkaa mtaa wa Mangobo, gunia kwa gunia, na hakutaka tena kushika ufunguo wa mtu.

Basile alikuja kwetu baada ya Noeli. Alileta kapiteni mkubwa amefungwa kwenye majani, maana alisikia mume wangu alipigwa kwa ajili ya kumtetea dada yake. Assumani alipomwona tu, alitoka kwa mlango wa nyuma. Nikabaki mimi. Basile akakaa kwenye kiti, kofia magotini, akaniuliza kwa adabu sana.

"Mama Hadidja, watu wanasema weye ulikuwa pale. Mama yetu anataka kujua tu. Kabla ya kwenda, alisema nini?"

"Hakusema kitu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Akasema atakwenda kumwambia mama yake hivyo, na kwamba samaki tumle leo leo asiharibike.