Siku Nashipae Alipoombwa Kunyonyesha

Bibi yangu Nashipae wa Elerai hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi mjukuu wake simwombei radhi kwa yeyote.

Enzi za Mjerumani, mumewe, Koikai, aliongoza chama cha vijana kilichojiita Wenye Nchi. Walikataa kulima mashamba ya walowezi, wakataka malisho yao yarudi. Wazee nao walikuwa na chama chao, Washika Mila, chini ya Lerionka wa Sokon: mila idumu, ng'ombe wabaki zizini, Mjerumani asiudhiwe. Asubuhi moja askari walimkuta Koikai kwenye maficho yaliyojulikana na watu wa kwao tu. Walimnyonga. Nashipae alibaki na mimba, na swali moja: nani alisema?

Mtoto alipozaliwa, akaja Lemayian, rafiki wa Koikai aliyeshika uongozi baada yake.

"Shemeji, tunaungana na wazee. Peke yetu tutakwisha."

"Na mimi nahusikaje?"

"Utamnyonyesha mjukuu wa Lerionka. Mkwewe, Namnyaki, atamnyonyesha wako."

Ndivyo Waarusha walivyopatana na adui tangu zamani. Mama wa huku na mama wa kule hubadilishana watoto. Waliomnyonyesha mtoto hawaruhusiwi kumdhuru kamwe, na wakishanyonya wote wawili, hakuna wa kudai kisasi tena. Lemayian alimchagua mjane wa Koikai makusudi, ili vijana wanyamaze. Niliposimuliwa hilo utotoni damu ilinichemka, na mpaka leo inanichemka.

Nashipae alikubali bila ubishi. Waliomjua wangepaswa kushtuka.

Siku ilipofika uwanja ulijaa, wazee upande huu, vijana upande ule. Watoto wakabadilishwa. Mwanawe, yaani baba yangu, alikuwa mlafi; alinyonya kwa Namnyaki mpaka akacheua. Nashipae alimpakata mjukuu wa Lerionka bila kufungua lubega lake. Mtoto akaanza kulia.

"Mnyonyeshe, mama," Lerionka akasema.

"Kwanza niambie, mzee. Nani aliwaonyesha askari maficho ya mume wangu?"

Mtoto alizidi kulia, na vijana wakaanza kusimama mmoja mmoja. Lerionka aliona muungano wake unamponyoka, akadhani akikiri atamlainisha mjane.

"Ni mimi. Niliogopa watachoma vijiji vyote. Sasa mpe."

Nashipae akainuka, akamrudishia Namnyaki mtoto wake, akamchukua wa kwake aliyeshiba.

"Wangu amenyonya kwenu, kwa hiyo hamwezi kumgusa kamwe. Wa kwenu hajanyonya kwangu. Mimi na mwanangu hatujafungwa na lolote."

Muungano ukavunjika palepale, vijana wakamzomea Lemayian njia nzima.

Lerionka aliishi miaka mingi, akamwona baba yangu akirefuka na kushika mkuki, asiweze hata kumkemea. Kila baba alipokatiza Sokon, mzee aliingia ndani akafunga mlango. Na bibi alimtuma Sokon kila mara, hata pale ambapo nyumbani hapakupungua kitu.