Mnara Uliochemka Bila Boila

Kiwandani kwetu Kicukiro tunakeneka spiriti ya hospitali, yaani tunaichemsha na kuukusanya mvuke wake, kwa minara miwili ya chuma, na zamani kila mnara ulikuwa na boila yake inayokula kuni. Mimi na fundi mwenzangu, mwanamke aliyekulia Bujumbura, tuliamua kuiondoa boila ya pili. Tulipandisha presha ya mnara wa kwanza ili mvuke wake uwe moto zaidi, kisha tukaupitisha kwenye mabomba yaliyochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gisozi hadi chini ya mnara wa pili.

Siku ya kujaribu tulizima boila ya pili tukasubiri. Mwenzangu alichungulia kwenye kidirisha cha kioo cha mnara wa pili.

“Dada, iko inachemka,” akasema taratibu. Nilisogea nikachungulia na mimi.

Wiki hiyo nilimleta mama aone. Aligusa boila iliyopoa, akautazama mnara.

“Sasa huu unachemshwa na nini?”

“Na mvuke wa ule mwingine, mama. Zamani tulikuwa tunaupoza kwa maji, moto wote unapotea.”

Jumapili, nje ya kanisa, aliwasimulia wenzake. Alichanganya minara na boila, akasema binti yake anapika bila moto. Nilisimama pembeni yake nikitabasamu, wala sikumsahihisha.