Waya wa Setilaiti

Juzi huku Mgeta katibu kata aliingia uani kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, bila hata shikamoo. Alitaka kuung'oa waya wa redio ambao mzee hutumia kusikiliza mlio wa setilaiti inapopita. Mlio ukiwahi au ukichelewa, mzee hutuambia kwa furaha, "Wameibadilishia njia!"

"Unawapelekea mabeberu siri zetu," alisema katibu.

"Siri gani, mwanangu? Kabichi zetu zinajulikana hadi Dar."

Katibu alipounyooshea waya mkono, mke wa mzee alinipokonya beseni nililokuwa nalipitisha uani kwao kwenda mtoni, akatundika kwenye waya huo nepi za mwanangu ambazo hazijafuliwa.

"Hii ni kamba ya nguo, ndugu katibu. Chukua."

Katibu alikunja pua, akaondoka. Wanaotulinda dhidi ya mabeberu wameshindwa na mkojo wa kichanga.