Mwaitu, Nifungulie

Mama Muli hulia kwa sinema. Simsengenyi, mtaa wetu wote wa Mashimoni unajua. Mimi nina kioski cha maji na televisheni, yeye hana televisheni, kwa hivyo kila Jumapili akitoka kanisani huja kwangu, hukalia kiti cha kona na kutandaza leso magotini, tayari kwa kazi. Filamu za kupigana hazitaki. Anataka za familia: baba mlevi anaokoka, mama anapiga magoti hadi mtoto anafumbua macho hospitalini, kwaya inaimba mwishoni. Mtoto hajaugua bado, yeye ameshaanza kupangusa macho.

"Mama Muli, hao wanalia kwa sababu ni kazi yao," nilikuwa nikimwambia. "Wewe umeandikwa kazi na nani?"

"Mama Amondi, wewe una moyo wa jiwe," ananijibu bila kugeuka.

Sina moyo wa jiwe. Nilikuwa nakasirika tu kuona mtu anawalilia watoto wa Wazungu huku jina la mtoto wake halitaji. Maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa Kavindu, hilo ndilo jina lake, niliujua tangu ulipoanza.

Alikuja kutoka Kitui na mume, mume akafariki, akabaki na Muli peke yake. Alimlea kwa kufulia watu nguo huko Nyayo Highrise. Kijana akatokea kuwa fundi, ndiye aliyekuwa akitengeneza spika na kinanda cha kanisa letu. Basi Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, Kavindu alisimama, akachukua maikrofoni na kuliomba kanisa limsaidie kumwombea mwanawe. Akasema amepata bangi ndani ya kiatu cha kijana. Akasema kuna msichana anaitwa Angeline ana mimba ya Muli, na Muli amemkana. Muli alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika, ameshikilia ule waya uliokuwa ukilegea, ili sauti ya mama yake isikatike.

Kwetu mama anayeleta mzigo wa mtoto wake mbele ya watu husifiwa. Mchungaji alimshika mkono, watu wakasema amina. Lakini wahenga walikataza kumwaga mtama kwenye kuku wengi, na wahenga hawakuwa wajinga. Muli aliuachilia waya, akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakulala nyumbani siku hiyo wala siku nyingine. Namba yake ya simu ikawa haipatikani. Kavindu alisema atarudi akitulia. Miaka mitatu ikapita, na hapo katikati ndipo machozi ya sinema yalipoanza.

Huku kwetu filamu za Kizungu haziangaliwi hivihivi. Kuna ma-DJ wanaoziingizia sauti juu, wanawaongelea watu wote humo ndani kwa Kiswahili, mzee kwa mtoto, na kutia utani wao. Siku moja binti yangu Amondi alirudi na flash yenye filamu ya DJ mpya, anajiita DJ Kinanda. Ilikuwa ya kijana aliyetoroka kwao akaharibikiwa mjini. Mwishoni anarudi usiku, mvua inanyesha, anagonga mlango wa mama yake. Yule Mzungu akafungua mdomo, na sauti ya DJ ikasema, "Mwaitu, nimerudi. Nifungulie."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Watu wa kioskini walicheka hadi mmoja akamwaga maji. Mimi pia nilicheka, Mzungu mwenye nywele za dhahabu anaongea kama mtu wa Kitui. Kisha nikamwona Kavindu. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama, leso imeanguka chini.

"Huyo ni Muli," alisema.

Amondi alirudisha hapo tena. Ni kweli, ilikuwa sauti ya Muli, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza sentensi. Kavindu aliomba irudishwe tena na tena, na kila mara akasema neno lilelile moja: "Ananiita." Uso wake ulikuwa umefunguka, na sikuwa nimeuona hivyo tangu kijana aondoke.

Amondi aliuliza kwenye duka la filamu, akaambiwa DJ Kinanda ni wa Kawangware, na kwamba Jumamosi mchana huongelea filamu za Kikristo moja kwa moja katika kanisa moja huko Gatina. Jumamosi iliyofuata Kavindu hakwenda kufua. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kama ya kwao Kitui, akautia kwenye hotpot usipoe, akaifunga kwa leso mpya. Nilimsindikiza. Njiani nilimwambia, "Ukimwona, msalimie nje, polepole, nyinyi wawili tu." Akaitikia kwa kichwa.

Kanisa lenyewe lilikuwa chini ya jumba la kupangisha, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Muli alikuwa ameketi kando ya mashine ya kuonyeshea filamu, maikrofoni mdomoni, amefuga ndevu. Hakutuona gizani. Filamu ilikuwa ya mama anayemwombea mwanawe aliye jela, na Muli aliongea kama yule mama, sauti nyembamba, kwa upole ulionigusa hata mimi mwenye moyo wa jiwe. Kavindu alilia kwa sauti. Nusu ya kanisa ililia naye.

Filamu ilipoisha mablanketi yalifunuliwa, mchungaji akauliza kama kuna aliyeguswa, aje atoe ushuhuda. Nilimshika Kavindu nguo. Akajinasua. Nilijua, Mungu wangu, nilijua kabla hajafika mbele. Mchungaji aliichukua maikrofoni mkononi mwa Muli na kumpa mama yake.

"Bwana asifiwe," alisema Kavindu. "Huyu kijana mnayemsikia ni mwanangu. Alinipotea. Alikuwa anavuta bangi, alimkana msichana na mtoto, lakini nilimwombea, na leo ananiita kwenye sinema anataka nimsamehe. Nimekuja kusema nimemsamehe."

Watu walipiga makofi. Wengine wakainuka. Muli alitazama sakafu, akizungusha waya mkononi taratibu hadi makofi yakaisha.

Tulipotoka, Muli alitufuata nje. "Sasa, mathe," alisema, kama anavyomsalimia mama yeyote wa mtaani.

"Umekonda, Muli."

"Umenifanyia tena."

"Nilikuwa namshukuru Mungu."

"Hawa watu hawakuwa wanajua. Sasa wanajua." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Lakini wewe ndiye uliniita. Ulisema Mwaitu, nifungulie."

Muli alinitazama kana kwamba mimi ningemsaidia. "Mathe, hiyo ni job. Mzungu akiongea Kikamba watu wanacheka. Next time nitamfanya Mjaluo."

"Haukuwa unaniambia mimi?"

"Zii," akatikisa kichwa. "Sikuwa nakufikiria."

Kavindu alimnyooshea ile hotpot. Muli akasema amekula, akarudi ndani, kwa kuwa filamu ya pili ilikuwa inaanza. Tulitembea hadi steji ya matatu, Kavindu akiwa ameubeba muthokoi wake kifuani. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na huruma iliyozidi hasira.

Jumapili nyingi alikaa kwake. Kisha juzi akaja, akaniomba nimwekee mpya ya DJ Kinanda. Nilijaribu kumnyima, akakataa kuondoka. Ilikuwa ya familia tena. Muli aliwaongelea wote: baba, jirani, polisi, hata mbwa. Lakini kila mara mama wa kijana alipofungua mdomo, Muli alinyamaza. Alimwacha yule mama na Kizungu chake, mwanzo hadi mwisho. Kavindu hajui Kizungu.

Karibu na mwisho yule mama alikaa kitandani mwa mwanawe akaongea kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka. Kavindu alitazama midomo yake kwa macho makavu.

"Amondi, anasema nini?"

Amondi alinitazama kwanza. "Anasema pole. Anamwambia alimkosea."

"Basi?"

"Basi tu."

Kavindu alinyanyuka, akaisogelea televisheni, akaweka mkono juu yake. "Pole, Muli," alisema. "Nilikukosea." Ndani ya televisheni baba alikuwa ameingia kwa mlango, na sauti ya Muli ikakohoa kidogo, ikaanza kutueleza kwamba mzee ametoka kazini na anauliza chakula kiko wapi.