Dakika Kumi na Moja za Kidole Gumba

Mimi ndiye mwenye kile kidole. Nalisema mapema tusije tukasumbuana. Yeyote anayemfuatilia Fundi Hemedi wa Rahaleo mtandaoni anakijua: kila video, pembeni juu, kuna kidole gumba chenye hina iliyochujuka, kimetulia kama mgeni aliyekataa kuaga. Mdogo wangu amenifundisha kushika simu mara mia. Siwezi, na siku hizi hata sitaki, kwa sababu watu wananisalimia. "Salamu kwa Dada Kidole," wanaandika, wengine kutoka Nachingwea, wengine kutoka Moshi. Kuna dereva wa lori anaitwa Alfredo, yuko Pemba ng'ambo ya Ruvuma. Huyo hukijulia hali kidole kwanza, ndipo amsalimu fundi.

Hemedi ana miaka thelathini na mbili na kazi yake ni kutengeneza pikipiki. Mimi, Mwanakombo, nauza chai na mihogo ya kuchemsha mlangoni pa banda lake, kwa hiyo kunishikisha simu hakumgharimu kitu zaidi ya kelele zangu. Watazamaji humtumia milio ya pikipiki zao. Yeye huweka simu sikioni, hufumba macho, kisha husema cheni imelegea, au kabureta imekula vumbi. Goodluck wa Moshi alimtumia mlio uliomshinda kila fundi wa huko. Hemedi akausikiliza mara mbili, akamjibu kwamba pikipiki ni nzima, anayelia ni jogoo. Na kweli alikuwa jogoo, alikuwa analala chini ya kiti. Video ile ilitazamwa mpaka nikaombwa picha sokoni.

Droni yake, kile kindege cha kamera, aliipata ikiwa maiti. Mgeni mmoja aliyekuja kupiga picha za fukwe aliigongesha kwenye mkorosho, akaondoka zake. Hemedi aliihangaikia wiki tatu mbele ya watazamaji: miguu akaifanyia kwa spoku za baiskeli, tumbo akalifunga kwa mpira wa tairi la ndani, akaipa jina la Kereng'ende. Iliruka, ila iliinamia kushoto, kwa hiyo kila ilichokipiga picha kiliinamia kushoto. Misikiti iliinama, minazi iliinama, Bandari ya Mtwara ilionekana inataka kumwagika. Watazamaji walizoea kutazama wakiwa wamepinda shingo. Kibali cha kuirusha alikuwa nacho, amekikunja ndani ya nailoni, na upande wa Madimba kwenye mitambo ya gesi hakuthubutu kuuelekea hata kwa mawazo.

Sasa Hadija. Kati ya sifa zote zilizomiminika siku moja, ulitokea ujumbe huu: "Fundi, hiyo plagi umeirudisha bila kuisafisha. Usidanganye watu." Hemedi aliirudia video na kukuta ni kweli. Alipouliza huyo ni nani, akaambiwa ni Hadija wa Mtawanya, anatengeneza mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Tangu siku ile mdogo wangu akaanza kukosea makusudi ili asahihishwe. Alifunga cheni kinyumenyume mbele ya watu elfu tatu huku anatabasamu. Nilitamani kumtandika mwiko. Aliponiambia anataka kuoa, nikamwambia afanye haraka kabla hajamaliza pikipiki za watu.

Barua ya posa ilikwenda siku ya Alhamisi. Jibu lilikuwa mikononi mwa shangazi yake Hadija, Bi Mwanaidi, ndiye aliyemlea. Huyu mama ni nyakanga, yaani mkuu wa kuwafunda wali wa unyago, na wiki hiyo alikuwa nao tisa ndani, kwenye uwanja uliozungushiwa uzio wa makuti nyuma ya nyumba yake. Mwanamume hakanyagi pale na wala hachungulii. Hilo kwetu halifundishwi, mtu anazaliwa analijua. Na Bi Mwanaidi hana mchezo. Posa moja aliwahi kuikataa kwa sababu mposaji alipiga miayo mbele yake.

Nilimwomba Hemedi atulie hadi jibu litoke. Hakutulia. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, tulikuwa Mtawanya, barabarani, ambapo nyumba ya Bi Mwanaidi haionekani ila sauti zake zinasikika, maana alitaka tu kumpiga picha Hadija akipulizia salfa shambani. Alitaka dunia imwone. Mimi nikashika simu yangu kumrekodi yeye na kioo cha rimoti yake, tukaingia mubashara, na watazamaji mia nne na kumi na wawili walikuwa wameshapinda shingo wanasubiri.

Hapa ndipo naona haya. Sisi ni watu wa korosho. Msimu wa salfa kwetu hatuachi nje hata chungu bila kifuniko, kwa sababu lile vumbi linaingia kila penye tundu. Hadija akawasha mashine mgongoni, wingu jeupe likapanda juu ya mikorosho, na mdogo wangu, aliyezaliwa chini ya mikorosho hiyo hiyo, akaipitisha Kereng'ende katikati ya wingu ili ipendeze. Ilikohoa. Kioo kikawa cheupe, nayo kama kawaida yake ikashika kushoto. Vumbi lilipopungua, tukaona makuti. Yalikuwa makuti ya uzio, tunayaona kwa juu, na yanatukaribia.

Angeweza kuiokoa. Kuna kijiti kimoja tu cha kusukuma ili ipande. Lakini droni inayoinama hairushwi bila kutazama kioo, na kutazama kioo ilikuwa kutazama ndani. Hemedi akafumba macho. Kisha, kwa kuwa hakujiamini, akaitupa rimoti kwenye nyasi na kujifunika uso kwa mikono yote miwili yenye grisi.

"Dada, mimi sioni," akasema. "Acha ife."

Rimoti ilianguka kioo juu, na simu yangu ilikuwa inaitazama. Mimi nilichezwa unyago, najua kilichomo mle, na najua hakimhusu Alfredo. Kile kidole kilichoharibu video za miaka miwili, kwa mara ya kwanza nikakiweka kwa makusudi, katikati ya kamera, nikakandamiza. Kwa mguu nikaigeuza rimoti kifudifudi. Lakini kiwewe kilitushika wote wawili, na hakuna aliyekumbuka kuzima. Kwa dakika kumi na moja watu mia nne walitazama wekundu wa kidole changu, wakasikia kishindo, kisha kelele za wanawake, kisha sauti ya mchi ukiponda kitu, tena na tena. Goodluck aliuliza kama hiyo ni kabureta.

Hemedi alikaa chini na alama za vidole vya grisi usoni. Hakuuliza habari za droni. Aliniuliza kama amemkosa Hadija, nami nilikuwa na hasira naye na huruma juu yake kwa pamoja, nikamtupia ncha ya kanga yangu ajifute. Tukiwa hapo akaja mama mmoja kuniita. Aliitwa dada mtu peke yake.

Nilimkuta Bi Mwanaidi kwenye mkeka nje ya uzio, Kereng'ende mbele yake imevunjika mguu, mchi pembeni. Hadija alikuwa amesimama nyuma yake, salfa tupu mpaka kwenye kope, hanitazami. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza swali moja.

"Aliona nini?"

Nikasema hakuona kitu. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wanavyosema wote. Basi Hadija, bila kuambiwa, akatoa simu yake, akaitafuta ile video na kumwekea shangazi yake mkononi. Bi Mwanaidi alimtazama Hemedi akifumba macho, akamtazama akiitupa rimoti, akaomba arudishiwe hapo mara tatu. Kisha akatazama kidole. Nilidhani atachoka. Alikitazama dakika zote kumi na moja, mimi niko magotini, miguu inakufa ganzi, hadi mwisho.

"Na hiki ni nini?"

"Ni kidole changu, mama."

"Kimefanya kazi," akasema.

Faini ilikuwa kuku wawili, mmoja wa Hemedi na mmoja wangu, kwa kuwa simu niliileta mimi. Kadi ya memori ya droni Hadija aliichomoa, na shangazi yake akaitia motoni mbele ya macho yangu. Ndani yake kulikuwa na kila kitu, pamoja na viboko wa mdomo wa Ruvuma, ambao Hemedi aliwavizia porini siku mbili na alikuwa hajamwonyesha mtu bado. Nilipompa habari hiyo alisema sawa, viboko hawahami. Kuhusu posa hakukuwa na neno.

Wiki mbili zilizofuata alitengeneza pikipiki bila kukosea hata mara moja, ndivyo nilivyojua ana huzuni. Plagi zilisafishwa, cheni zilikaa sawa, na hakuna aliyemsahihisha, maana Hadija alikuwa kimya. Watazamaji wenyewe walituzidi kwa wingi. Ile video ya kidole ilikuwa imewapita wote, hata jogoo, na watu walikuwa wakibishana kama gumba lile ni la kulia au la kushoto. Ni la kulia.

Siku ya wali kutoka tulialikwa kama wengine. Siku hiyo si ya siri, ni ya kuonwa: ngoma zilianza mapema, wali tisa wakatoka na kanga mpya, wanang'aa mafuta, na Bi Mwanaidi mwenyewe akaniambia niwashe simu, ila nishike vizuri. Nikawasha. Watu elfu mbili waliingia hata kabla sijapata pa kusimama. Ndipo akamwita Hemedi katikati ya uwanja, mbele ya Mtawanya nzima, akampa furushi lililofungwa kwa kanga.

Akalifungua. Ilikuwa Kereng'ende. Mapangaboi yake yalikuwa yamesafishwa, hakuna hata punje ya salfa, na mguu uliovunjika umefanyiwa kwa waya wa mashine ya kupulizia, umekazwa kwa ufundi ambao mdogo wangu hana. Akaigeuzageuza. Akauliza kwa sauti ndogo nani ameitengeneza, ingawa hata mimi nilikuwa nimeshaujua mkono ule.

"Hicho kidude kimetengenezwa na mwenzako," akasema Bi Mwanaidi. "Alikiangusha kwa salfa yake, amekiinua kwa spana yake. Kirushe basi, tuone mume wake anajua nini."

Sijui vigelegele vilianzia wapi. Nakumbuka nilipiga vyangu mpaka koo likauma, na simu ikacheza ngoma mkononi mwangu, na elfu mbili wakaona anga, miguu, mbuzi, anga tena. Hadija alikuwa amejificha kwenye kundi la wanawake, anacheka ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Hemedi akairusha. Ilipanda juu ya uzio mtupu na juu ya mikorosho, ikasimama wima, haikuinamia upande wowote. Alfredo akaandika kutoka Pemba kwamba shingo yake imeshazoea kupinda, sasa itakuwaje.

Hemedi alikuwa ameinua uso kuifuata, akijifanya ni jua linalomuumiza macho. Mdogo wangu ni mtu wa mizaha, na hajawahi kulia mbele ya watu tangu tumzike mama. Akanigeukia taratibu, midomo inamcheza, akaniita, "Dada."

Nikaweka kidole.