Kibao cha Bwawani

"Mama, mtoto huangaliwa na mama yake," mzee wa getini aliniambia, na hapo ndipo uvumilivu ukaniishia. Nikakitupa kiatu cha mwanangu, kimejaa tope la bwawa, juu ya daftari lake la wageni. Asubuhi nilimwamkia shikamoo mzee huyo huyo. Sasa nilikuwa namfokea mpaka watu wakasimama kutazama.

"Bwawa lina kina vile, hamna uzio, hamna hata kibao! Afe nani ndiyo mshtuke?"

"Kibao kipo, mwanangu," akasema, sauti hakuipandisha. "Nenda katazame."

"Usinichezee akili!"

Tulitoka Visiga mapema, mimi, mdogo wangu na binti yangu wa miaka minne, tuje kupumzika kwenye msitu huu wa vilima, Kisarawe. Mlima ulinimaliza pumzi. Mtoto aliupanda anaimba. Tulipofika bwawani tukakosa pa kuweka sufuria la pilau, chini siafu watupu. Mdogo wangu akaokota ubao uliolala kifudifudi majanini.

"Dada, meza hiyo. Tena ya bure!"

Tukatandika kanga juu yake, tukapakua. Mimi nikashika simu kuipiga picha sahani yangu. Sahani! Wali wenye nyama, kana kwamba ungekimbia. Nikasikia maji yanalia chubwi. Mdogo wangu alijitosa na gauni lake, akamtoa mtoto akiwa na kiatu kimoja, anakohoa, macho yamemtoka. Mimi bado nilikuwa na simu mkononi.

Baada ya kumfokea yule mzee nilirudi kuchukua vyombo. Nikavuta kanga. Sijui kwa nini niliugeuza ule ubao. Maandishi mekundu: HATARI. KINA KIREFU. WATOTO WASISOGEE. Pembeni, nguzo zake mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka chini.

"Turudi zetu, dada," mdogo wangu akaninong'oneza. "Nani atajua?"

Mzee wa getini nilimpita nimeinamisha kichwa. Hata samahani sikumwomba.

Jumatatu nilipeleka barua kwenye ofisi inayosimamia msitu. Karani aliisoma mara mbili, akanitazama. "Sasa dada, haya ni malalamiko au toba?"

"We gonga muhuri."

Niliandika hivi: "Nalalamika kwamba bwawa halina uzio, na kwamba kibao cha onyo kilianguka kikaachwa kioze. Binti yangu alitumbukia. Kibao hicho nilikiona kabla hajatumbukia. Nilikifanya meza ya chakula, sikukigeuza, na nilikuwa napiga picha. Mzee wa getini alisema kweli nami nikamdhalilisha mbele za watu; asiadhibiwe kwa sababu yangu. Naomba nguzo mpya, za chuma. Kibao nimekiegemeza kwenye mti, maandishi yakitazama njia. Hakitasimama hivyo muda mrefu."